Ukifika Unyamwezi, Piga Hodi Kwanza

Mwongozo kwa msafiri wa Tabora na njia ya kale ya misafara

Barabara ya Ngorongoro ina maboma ya Wamasai ambako gari husimama, kiingilio hulipwa, watu huruka na kuimba, na baada ya muda mfupi mgeni huendelea na safari yake. Tabora usitarajie hivyo. Ukishuka stesheni au uwanja wa ndege, ukapata chumba maeneo ya Kitete, utamaduni wa Wanyamwezi utakuzunguka pande zote: sokoni, msibani, kwenye kaya za Itetemia na Kwihara, na porini kwa warina asali. Lakini uko ndani ya maisha ya watu, na nyumba ya mtu haina saa ya kufungua wala ya kufunga. Ili uuone, lazima mwenyewe akukaribishe.

Mwongozo huu ni kwa msafiri yeyote, ila nimewafikiria zaidi wanaozungumza Kiswahili: wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi, na ndugu zetu wanaoishi ughaibuni wanaorudi kutembea. Naona hao ndio huteleza kwa urahisi. Mzungu anajijua kuwa ni mgeni, kwa hiyo anauliza. Wewe unayeelewana na bodaboda tangu stesheni unajiona umefika nyumbani, na hapo ndipo unapoingia uani bila hodi, ukamwuliza mzee wa watu mambo ambayo usingethubutu kumwuliza babu yako mzaa baba.

KWANZA, JUA UNAMTEMBELEA NANI

Wanyamwezi walianza kupokea wageni zamani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wengi. Hapo, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo misafara kutoka pwani ilipogawanyika: wengine wakashika njia ya magharibi kwenda Ujiji, wengine ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Na wabebaji wakuu walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30, akatembea miezi mpaka Bagamoyo na kurudi, kwa ujira aliopatana. Walikuwapo pia Wanyamwezi waliopeleka pembe za ndovu zao wenyewe pwani, kama wafanyabiashara.

Nalisema hili mapema kwa sababu wageni wengi hufika na hadithi moja kichwani, kwamba njia hii ilikuwa ya minyororo tu. Minyororo ilikuwapo, na nitaigusa hapa chini. Lakini ukimtazama mjukuu wa mpagazi kama mjukuu wa mtumwa, umemdhulumu babu yake aliyefanya kazi ngumu kwa mapatano na kurudi nyumbani na majembe, vitambaa na jina.

Pili, nchi hii ilikuwa na watawala wake, watemi, na habari zao bado zina wenyewe. Mnywa Sere wa Unyanyembe aliwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu, wakapigana naye mpaka wakamng'oa. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, akaifunga njia ya Ujiji, na alipofariki Desemba 1884 alikuwa ametawala eneo kubwa kuliko mtemi yeyote wa Unyamwezi kabla yake. Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, na ngome yake ilipovamiwa Januari 1893 alijilipua kwa baruti asishikwe akiwa hai. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya kiserikali ya machifu, lakini koo za kitemi hazikufutika, wala heshima yao. Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya mwanzo ya uhuru, alitoka katika ukoo huo wa Unyanyembe.

Kwa hiyo usichague upande. Mjini utasikia Mirambo akisifiwa kama shujaa, na mtaa wa pili utasikia jinsi watu wake walivyochoma vijiji. Wote wawili wanasimulia ya kwao. Kazi yako ni kusikiliza.

Tatu, Tabora si ya kabila moja. Utakutana na Wamanyema ambao wazee wao walikuja na misafara kutoka Kongo, Waarabu waliozaliwa hapa kizazi baada ya kizazi, Wasukuma waliohama na ng'ombe zao, Wakimbu wa upande wa Sikonge, na Waha. Ulyankulu, palepale Mirambo alipokuwa na makao yake, waliwekwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wengi wao na watoto wao wamepewa uraia wa Tanzania. Hao ni raia wenzetu. Ukishajibiwa "natoka Ulyankulu", usiendelee na "lakini asili yako hasa ni wapi?"

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Chagua majira. Mvua za Tabora huanza karibu Novemba na kukatika Aprili au Mei mwanzoni. Wakati huo watu wako shambani tangu alfajiri na barabara za vumbi zinakuwa za utelezi. Kwa upande mwingine ndio wakati wa uyoga wa porini, unaouzwa kandokando ya barabara, na wa kuona nchi ikiwa kijani. Kiangazi, kuanzia Juni, watu wana nafasi zaidi ya kuzungumza, harusi na ngoma ni nyingi, na porini panapitika. Kwa ziara ya kwanza mimi ningekushauri kiangazi.

Tafuta mwenyeji kabla ya kufika. Mwenyeji ni mtu anayejulikana kule unakokwenda: rafiki uliyesoma naye, muumini wa msikiti au kanisa lenu aliyehamia huko, mwalimu, au afisa utamaduni wa halmashauri. Ofisi hiyo iko katika kila halmashauri, na ni sehemu ya kazi yake kujua kikundi gani cha ngoma kipo, mzee gani anapenda kuzungumza na nani hataki kusumbuliwa. Ukimkosa mwenyeji kabisa, anzia hapo.

Orodha ya begi:

☐ Nguo za heshima. Mwanamke awe na kitenge au khanga ya kujifunga, mwanaume suruali ndefu. Misikiti ni mingi mjini na vijijini.
☐ Nguo za rangi ya kahawia au kijani kilichofifia kwa ajili ya pori. Mbung'o huvutwa na nyeusi na buluu iliyoiva.
☐ Chandarua na dawa ya kujikinga na malaria. Ukiugua ukiwa mjini, Hospitali ya Kitete ndiyo ya rufaa ya mkoa.
☐ Zawadi za matumizi: sukari, majani ya chai, sabuni, chumvi. Acha pipi za kugawa kwa watoto wa barabarani.
☐ Fedha taslimu za noti ndogondogo.
☐ Daftari na kalamu. Mzee huzungumza kwa utulivu zaidi mbele ya daftari kuliko mbele ya simu iliyoelekezwa usoni mwake.

HATUA ZA KUFIKA KIJIJINI

1. Siku ya kwanza baki mjini. Tembea taratibu, zoea hewa na salamu. Kuna mengi ya kuona bila kumsumbua mtu: reli iliyofika mwaka 1912, shule ya wavulana aliyosoma Nyerere, mji ambamo chama cha TANU kilikutana Januari 1958 na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Boma la Wajerumani liko mikononi mwa jeshi, kwa hiyo usilipige picha wala kulikaribia bila ruhusa.

2. Mtume mwenyeji atangulie, au apige simu. Ujumbe uwe mfupi na wa kweli: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini, utakaa muda gani. Kama unataka kuandika kitabu, sema kitabu. Usijifiche nyuma ya "natembea tu".

3. Ripoti kwa serikali ya kijiji au mtaa. Mwone mwenyekiti na mtendaji, saini kitabu cha wageni. Hii si kupoteza muda. Kijiji kinachojua uko kwa nani kitakulinda, na mwenyeji wako hataulizwa kesho amemleta nani.

4. Kama unakwenda ikulu ya watemi wa Unyanyembe, Itetemia, omba siku. Ni makazi na ni mahali pa makaburi na vitu vya enzi. Uliza kabla: nivae nini, nivue viatu wapi, nikae wapi, nimsalimu vipi mkubwa, nilete nini. Ngoma za enzi si za kupigwa na mgeni kwa kujaribu, hata kama zimewekwa mahali unapoweza kuzifikia.

5. Kijiji kikiwa na msiba, ahirisha. Kama umeshafika, nenda msibani na mwenyeji wako, toa rambirambi kama wanavyotoa wengine, kaa walipo wa jinsia yako, kisha uondoke. Hapo hakuna kuhoji wala kupiga picha.

6. Ukikataliwa, shukuru. Usimzunguke aliyekataa ukamwendea mdogo wake.

NAMNA YA KUKAA KWENYE KAYA YA MTU

Sehemu hii naiandika kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo heshima inapoonekana au kukosekana, na hakuna ofisi itakayokufundisha.

Kaya nyingi zina mti wa kivuli mbele ya nyumba. Simama kabla hujaufikia, piga hodi, subiri. Ukisikia "karibu" kutoka uani usiifuate sauti mpaka huko. Uani ndiko watu wanakooga, wanakopika, na ndiko mgonjwa alikolala. Mtoto atatumwa na kigoda au kiti cha plastiki, na pale kitakapowekwa ndipo mahali pako. Usikisogeze upate mwanga mzuri wa picha.

Salamu ni ndefu. Za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za huko mtokako. Mwanamke au kijana anaweza kupiga goti au kuchuchumaa akikusalimu. Usiruke kumwinua wala usitoe hotuba ya usawa pale barazani. Mwitikie kwa sauti ya chini na kwa utu uleule, na kama wewe ni mdogo kwa yule mzee, inama na umwamkie "shikamoo". Usiseme shida yako mpaka uulizwe "haya, habari za safari?" au mwenyeji wako akuingize kwenye mazungumzo. Atakayekuwa msemaji wako ni yeye. Wewe zungumza ukipewa nafasi.

┌─────────────────────────────
MANENO MACHACHE YA KINYAMWEZI

Mwangaluka: salamu ya asubuhi
Mwadila: salamu ya mchana na jioni
Mhola: jibu la salamu, yaani salama
Wabeja: ahsante

Matamshi na majibu hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine. Mwombe kijana wa hapo akufundishe yanavyosemwa kwao, uyarudie mbele yake kabla hujayapeleka kwa wazee.
└─────────────────────────────

Utaletewa kitu. Pengine ugali na mlenda, pengine sinia la matobolwa na karanga. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakakamaa. Kipande hunata menoni, kisha hulainika na kutoa utamu polepole, kwa hiyo usitafune kwa haraka. Ndugu yake ni michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, ikapikwa baadaye. Hiki ndicho chakula kilichovusha familia nyingi miezi ya njaa, na kukiita "chakula cha maskini" mbele ya mpishi wake ni tusi. Nawa mikono ukimiminiwa maji, kula kwa mkono wa kulia, onja hata kama umeshiba. Kama kuna kitu huli kwa dini au ugonjwa, sema mapema kwa mwenyeji wako ili asiye na kuku wa ziada asichinje bure.

Karibu na nyumba unaweza kuona kijumba kidogo cha nyasi, kisichofaa hata kwa kuku. Ni mahali pa wahenga wa nyumba hiyo. Usichungulie, usikiegemeze begi, usikipige picha. Na usimwulize mwenye nyumba juu ya matambiko mbele ya watu. Anaweza kuwa haji anayeheshimika msikitini, au mzee wa kanisa, na mambo ya mababu anayafanya kwa namna yake na Mungu wake anamjua. Swali lako la sauti kubwa linaweza kumletea maneno wiki nzima baada ya wewe kuondoka.

Vivyo hivyo kwa vyama vya siri na vya uganga, kama Waswezi na Wayeye, hao wa pili wakijulikana kwa ujuzi wa nyoka na dawa za sumu yake. Wanaweza kucheza hadharani, na ukialikwa tazama. Lakini kinachofundishwa ndani hufundishwa kwa walioingizwa chamani. Kuuliza "siri yenu ni nini?" ni sawa na kuomba ufunguo wa sanduku la mtu. Nyumba yenye mapacha nayo ina mila zake, kwa hiyo usiwashike wala kuwatania kabla hujaambiwa kuwa inafaa.

Ukitaka kuondoka, aga mapema, usinyanyuke ghafla. Utasindikizwa mpaka njiani. Usikatae kwa kuona unawachosha. Waache wakusindikize, mzungumze, na mara nyingi lile jambo ulilokuja kulisikia husemwa hapo.

UTANI

Wanyamwezi wana watani wengi kwa sababu walipita kwa wengi. Wapagazi walivuka Ugogo, wakateremka mpaka Uzigua na Uzaramo, wakahitaji maji, chakula na mahali pa kuzika wenzao waliofia njiani. Katika kupigana, kupatana na kuzikana huko ndimo utani ulimokomaa. Kama wewe ni Mgogo au Mzaramo, utachokozwa, utaitwa mtumwa wao au mtoto wao, na unatakiwa ujibu.

Kama si mtani, kaa kando ucheke. Usiige maneno ya mtani kwa kudhani kila mtu anaruhusiwa, hasa msibani, ambako mtani anaweza kuigiza marehemu au kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Hilo ni jukumu lake. Likifanywa na mgeni ni ukatili. Hata kwa watani utani una mipaka, na mipaka hiyo huonyeshwa na wazee wa hapo.

MASWALI YA KUACHA MFUKONI

"Ninyi ni kizazi cha watumwa?" Utumwa ulifutwa rasmi Tanganyika mwaka 1922. Maana yake wapo wazee waliolelewa na bibi au babu aliyewahi kumilikiwa, na wapo majirani ambao babu wa mmoja alimnunua babu wa mwingine. Wanaoana leo, wanazikana, wanakaa safu moja msikitini. Amani hiyo imejengwa kwa watu kujua la kusema na la kunyamazia. Mtu akitaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe, na akikusimulia usimtaje jina popote.

"Huyu bibi si mchawi?" Hata kwa mzaha. Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo kwa kawaida ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za uongo. Ukipiga picha ya bibi mwenye macho mekundu ukaiwekea maelezo ya kuchekesha juu ya uchawi, wewe utarudi Dar es Salaam na yeye atabaki kijijini na picha hiyo kwenye simu za vijana. Naomba jambo hili moja ulishike hata ukisahau mengine yote.

"Wanyamwezi na Wasukuma si kitu kimoja?" Ni jamaa wa karibu, lugha zao zinaelewana, lakini kila mmoja ana habari zake.

KWA WARINA ASALI

Asali ya Tabora inatoka kwenye misitu ya miombo, na kurina ni kazi yenye mafundi, kambi na miiko. Ukipata mtu wa kukupeleka, jua mambo haya:

1. Msitu mwingi ni hifadhi. Uliza Wakala wa Huduma za Misitu kama eneo linahitaji kibali, na upate kibali kabla ya safari. Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, ina utaratibu wake.

2. Usijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali siku hiyo. Vaa rangi nyepesi karibu na mizinga, funga mikono na miguu ya nguo.

3. Kaa nyuma ya mrinaji, upande atakaokuambia. Akisema nyamaza, nyamaza. Akisema kimbia, kimbia bila kupunga mikono.

4. Kambi ina miiko: nani anaweza kukaa hapo, nini kisiliwe, neno gani lisitajwe. Ukiona huwezi kuifuata, usiende. Usianze kubishana nayo ukiwa umeshalala kwenye turubai lao.

Utaona mzinga wa gogo umetundikwa juu ya tawi, na pengine wa gome la mti. Mzinga wa gome huua mti uliochunwa, na mrinaji anajua hilo kuliko wewe. Amehubiriwa na maofisa mara nyingi. Mwulize kwa nini bado anautumia. Atakueleza bei ya mbao za mzinga wa kisasa, umbali wa kuubeba, na nyuki wanavyouingia au kuukataa. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na wapo warinaji wanaotumia aina zote mbili. Ukinunua asali, inunue kwake, kwa bei anayotaja, na uulize kama ni ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma, maana ladha na bei ni tofauti. Ukikaribishwa wanzuki, pombe ya asali, nawe hunywi, sema hunywi. Hakuna atakayekulaumu.

KWIHARA NA VITU VYA KALE

Tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ni mahali Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa mpaka Agosti. Nyumba unayoiona imejengwa upya. Lipa kiingilio na upewe risiti, sikiliza maelezo, kisha uliza kuhusu wale wasioandikwa sana: waliopika, waliobeba, na Chuma na Susi walioongoza msafara ulioleta maiti ya Livingstone ukapitia Unyanyembe, ukafika Bagamoyo mwanzoni mwa 1874. Njia yote, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iko kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia tangu 2006.

┌─────────────────────────────
TAHADHARI: SHERIA

• Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya asili, pamoja na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kuvitoa nchini bila leseni ni kosa.
• Pembe za ndovu, hata kipande cha bangili ya bibi, usinunue wala usibebe.
• Utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Filamu ya biashara inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Droni nayo ina kibali chake.
• Tiba asili ina baraza na usajili wake. Usibebe dawa usiyoijua kwenda nayo kwenye ndege.
└─────────────────────────────

Mtu akikuletea kigoda cha babu yake usiku, akasema ana shida ya ada ya shule, usinunue. Kama una uwezo na moyo, msaidie ada na kigoda kirudi ndani. Makumbusho ya Ujerumani bado yana vitu vingi vilivyobebwa kutoka nchi hii wakati wa vita vya ukoloni. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudi 1954 tu, na rais wa Ujerumani alikuja Songea kuomba msamaha kwa mauaji ya vita vya Majimaji tarehe 1 Novemba 2023. Tusiendeleze sisi wenyewe kazi ile kwa noti mbili za elfu kumi. Nunua vyungu, vikapu na vinyago vipya, umwulize fundi jina lake.

PESA NA PICHA

Makubaliano ya pesa yafanyike kabla, mbele ya watu zaidi ya mmoja. Kikundi cha ngoma kilipwe kupitia kiongozi wake huku wenzake wakiona. Usimchomoe mchezaji mmoja aliyekupendeza ukamwekea noti kubwa kando. Mzee aliyekupa saa tatu za maelezo amefanya kazi, na kazi hulipwa. Mwulize mwenyeji wako kama pesa itamfaa au itamwudhi, maana kwa baadhi ya wazee kilo mbili za sukari na kitenge cha mke wake vina heshima kuliko bahasha.

Kwa picha, omba kabla ya kuinua simu. Onyesha uliyopiga. Akisema futa, futa akiona. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi. Na sema wazi kama itakwenda mtandaoni, kwa sababu "nipige tu" haina maana ya "nionyeshe dunia nzima".

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

✗ Kupanga vijiji vitatu kwa siku moja. Panga kimoja.
✗ Kumwachia dereva kazi ya mwenyeji. Dereva anajua njia, wazee hawamjui.
✗ Kuuliza bibi kupitia mjukuu bila kumtazama bibi mwenyewe. Mtazame yeye, mjukuu atafsiri.
✗ Kuomba watu wavae "nguo za asili" kwa ajili ya picha. Mavazi yao ni yale waliyoyavaa leo.
✗ Kusahihisha masimulizi ya mzee kwa ulichosoma kwenye simu.
✗ Kuahidi. "Nitawaletea kisima" imesemwa vijijini na watu wengi, na watoto wanaikumbuka.

UKISHARUDI

Rudisha ulichochukua. Kama umeandika masimulizi ya mtu, mpelekee maandishi asomewe kabla hujayatoa, na ukiambiwa ondoa jina, ondoa. Picha zisafishe, ziwe za karatasi, kwa sababu simu ya kijijini hujaa na kufutwa. Familia nyingi huzitundika sebuleni kwa miaka.

Bahasha itume kwa basi la Tabora, iandike jina na namba ya mwenyeji wako pamoja na jina la kaya inakokwenda, weka risiti ya kifurushi, na siku basi likifika mpigie simu mwenyeji. Halafu mpigie na mzee mwenyewe, umwulize kama ameipata, na umsalimie za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua.